Kambi ya Trauti

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa Agosti, mwaka 2015, nilipotaka kumshinda kaka yangu kwa samaki. Usicheke, mwanangu. Tuliyemgombania alikuwa mama yetu.

Tulipotoka kambi ya wakimbizi tulitawanywa ughaibuni: kaka na Mama wakapelekwa Louisville, dada Columbus, mimi Buffalo. Miaka miwili nilimwomba Mama aje tukae wote katika nyumba yangu ya mtaa wa Black Rock, naye akijibu tu, "Bon, tutaona." Kiangazi kile kaka alimleta kwa gari, wakampitia dada njiani. Baada ya wiki moja Mama angeamua abaki na nani.

Nami nilikuwa nimeshatamba kwenye simu kwamba nitamvulia trauti, samaki wa maji baridi. Mwenzangu wa kiwandani alinifundisha kuvua kwa nzi wa bandia: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi ikafanana na mdudu, unairusha kwa ufito mwepesi itue majini taratibu. Alinisifu sana, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo tulikwenda sote kwenye kijito kusini mwa mji. Jua lilikuwa kali, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa.

"Mwanaume muzima unavuwa na manyoya ya kuku!" kaka akanicheka. "Bora kuku angebakia nayo!"

Nikamnasa wa kwanza upesi. Hakupigana. Alikuja kama jani, akalala ubavu mkononi mwangu. Hatua chache mbele, penye chemchemi chini ya mwamba, nikawaona wenzake kama ishirini wamebanana, vichwa vyote upande mmoja. Moyo ukaniruka. Ningewaokota kama maembe!

Mama akakunja kitenge chake, akainama, akatumbukiza kiwiko majini.

"Hii maji ni ya kuogesha mtoto," akasema. "Samaki iko na homa." Kisha akanyoosha kidole kwenye chemchemi. "Ile njo kambi yao. Joto imewafukuza. Donc weye unaingia na ndoana mu kambi? Acha!"

Sote, kaka, dada na mimi, tulijua tangu kambini kubanana penye bomba moja la maji.

Nitakwambia kweli, mwanangu: niliona haya, lakini nilikasirika zaidi. Mrusho mmoja tu na ningemshinda kaka. Mwishowe nikamshikilia yule trauti ndani ya maji ya chemchemi mpaka mkia ukapata nguvu, akaponyoka. Nikakunja mshipi.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jioni tulishuka hadi mto Niagara, karibu na nyumbani, anakokaa besi, samaki wa rangi ya shaba asiyesumbuliwa na joto. Nikarusha mara kumi, mara ishirini. Ghafla maji yakapasuka! Besi akaruka juu akijitikisa, ufito ukapinda, mshipi ukanikata kidole. Kaka, yule yule aliyenicheka, akaingia mtoni na viatu vyake vya kanisani akipiga kelele, "Usimwachie! Usimwachie, ndugu yangu!" Tukamtoa pamoja, mzito kama mtoto mchanga, na vigelegele vya Mama vikawageuza watu wote ukingoni.

Usiku ule, sahani zikiwa na miba mitupu, Mama akamwambia kaka, "Utanitumia sanduku yangu hapa."

"Mama! Juu ya samaki moja?"

"Samaki tumemaliza. Huyu nilimwambia acha, akaacha."

Kaka akainamisha kichwa, kisha akanikumbatia.

Basi sikia, mwanangu. Jambo likikujia kwa wepesi, tazama kwanza kama hujamkuta mwenzako katika dhiki yake. Usijenge jina lako juu ya mnyonge. Na mkubwa akikwambia acha, acha hata kama mkono umeshainuka. Aliyekunyima ushindi wa haramu hakukunyima riziki.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito wa kudhulumu. Akukutanishe na walio hodari kama wewe, na siku ya ushindi wako nduguyo awe wa kwanza kushangilia. Amina.