Msibomoe Kinu cha Pamba

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka hata leo, na hasira hunipanda. Nilikuwa msichana wa shule. Mama yangu, Ciarunji, alibeba gunia la pamba mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, kutoka kwetu Mbeere hadi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Ilikuwa nyeupe pe. Sisi watoto tulikuwa tumeiondolea kila jani.

Karani alitia mkono mara moja tu. "Fifi," akasema. Hivyo ndivyo walivyoiita pamba chafu, na bei yake ilikuwa ya kutupa.

Mama alifungua gunia akaimwaga pamba yote pale mlangoni. "Nionyeshe uchafu."

Karani akamwita mjinga. Basi wanawake waliokuwa nyuma yetu wakashusha mizigo, wakaketi mlangoni. Hakuna gunia lililoingia wala kutoka. Mashine zikazimwa. Jua lilipofika utosini, meneja akatoka, akainama, akaishika ile pamba. "Hii ni safi," akasema, na pamba ya wote ikakaguliwa upya.

Leo wewe na wenzako mnaniambia jengo la kinu hicho ni gofu. Mabati mmeng'oa, mashine mmeuza kama vyuma vikuukuu. Juzi nikamkuta Njiru, mjukuu wa dada yangu, akipiga ukuta nyundo.

"Cucu, bibi yangu, haya ni mawe tu," akasema. "Tunataka kujenga nyumba za kupangisha. Pamba si iliisha?"

"Pamba iliisha. Na sisi tuliokaa mlangoni hapa, tumeisha?"

Aliweka nyundo chini, lakini ukuta tayari una tundu la kupita ng'ombe. Jumamosi kamati yenu inakutana kuamua kama kinu kibomolewe. Nitakuja, na sitakuja kunywa chai.

Watu wa pwani husema, usione vyaelea, vimeundwa. Sisi hatuna bahari, ila neno hilo latuhusu. Kabla hujavunja kitu, uliza nani alikijenga, na nani aliteseka mlangoni pake ili wewe uende shule. Ukikosa pamba ya kutia humo, tia ndengu. Stoo za ndengu hatuna, na kila msimu ndengu zinaoza nje. Lakini usinivunjie ukuta mzima halafu uniite mzee asiyependa maendeleo.

Nimekukemea kwa sababu wewe ni wangu. Mungu akupe mikono ya kujenga, mvua ikufikie kwa wakati wake, na watoto wako wakuheshimu kuliko mnavyotuheshimu sisi.