Miaka Saba ya Shule Mezani Jikoni

Saa tatu asubuhi, Marlys Oquist anamweleza mwanawe Amosi, kwa mara ya nne, jinsi ya kukopa kumi katika hesabu za kutoa. Amosi, mwenye miaka minane, anatazama theluji dirishani. Mama anafumba macho, anavuta pumzi, anaanza upya. Sauti imeshamkauka na siku ndiyo kwanza imeanza.

Huu ni mwaka wa saba tangu Marlys, sasa mwenye miaka arobaini na mmoja, aache kazi ya upishi katika nyumba ya wazee na kuwa mwalimu wa watoto wake. Familia hiyo ya mashambani Wisconsin, Marekani, inategemea mshahara mmoja, wa mumewe Verlin, dereva wa lori la maziwa.

Majirani hudhani ni imani tu iliyowatoa shuleni. Marlys hakatai. Walitaka watoto waianze siku kwa sala na Biblia. Lakini kilichomsukuma hasa ni binti yake, Tirza.

Tirza alikuwa na miaka saba, akipanda basi la shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumapili moja alipewa Zaburi asome mbele ya kanisa. Akafungua Biblia, akatamka Zaburi vizuri kabisa, lakini siyo ile iliyokuwa kwenye ukurasa ule. Alikuwa amezoea kukariri kwa kusikia. Kusoma alikuwa hajui.

“Watu walimpigia makofi,” anasema Marlys. “Mimi nilikaa pale nimeduwaa. Nikamwambia Mungu, huyu nitamfundisha mwenyewe.”

Kumfundisha kusoma kulimchukua miezi kumi na minne, herufi kwa herufi, machozi kwa wote wawili.

Sasa Tirza ana miaka kumi na minne na anasoma chochote anachokishika. Mwezi uliopita, wakikunja nguo, alimwambia mama yake kwamba anataka kwenda sekondari ya mjini. Verlin aliposikia alikataa, akakumbusha ahadi waliyoitoa kanisani ya kuwalea watoto katika Bwana. Tirza hakupandisha sauti.

“Sijawachoka ninyi, Mama. Nimechoka kuwa darasa la mtu mmoja.”

Marlys alitoka, akakaa ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Anasema maneno yale yalimuuma, ila kilichomuuma zaidi ni nafuu aliyoihisi alipowaza kubaki na mwanafunzi mmoja.

“Niliona aibu. Miaka yote hii nimeomba nguvu. Kupumzika sijawahi kuomba.”

Verlin alimchukua binti yake kwenye lori siku nzima, wakipita mashamba ya ng’ombe. Hakusimulia walichozungumza. Aliporudi alivua buti, akakaa.

“Mama Tirza,” akasema, “huyu anajua anachokiamini kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Mwache aende.”

Tirza ataanza mwezi wa tisa. Marlys amepanga kulala mpaka saa mbili asubuhi siku moja, moja tu, kisha aendelee na Amosi.

Juzi Amosi alimuuliza kama naye ataruhusiwa kuondoka.

“Siku ukitaka, utaniambia,” Marlys alimjibu. “Nitajitahidi nisikimbilie kwenye gari.”