Skrini ya Inchi Ishirini na Moja na Kandambili Zangu Mlangoni

Jamani, aibu niliyoipata Garissa siwezi kuisimulia huku mtu ananitazama machoni, kwa hiyo geukeni kidogo, angalieni ukutani, nami niseme haraka yaishe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, mimi kijana kutoka Voi, nimeajiriwa kufundisha kompyuta kwenye kichuo kimoja (kompyuta sita, nne ndizo zilizowaka), na tangu nishuke kwenye basi sikuwa nimekaa na mtu hata mmoja tukapiga soga mpaka chai ikapoa. Watu hawakuwa wabaya, la hasha. Asubuhi "Mwalimu, habari," jioni "Mwalimu, habari," kisha wao wanaendelea na Kisomali chao na mimi naingia ndani kwangu. Upweke usikie kwa mwenzio. Nilifikia hatua ya kumsimulia mjusi wa ukutani mambo ya kazini, naye alikuwa anaondoka kabla sijamaliza.

Sasa, kulikuwa na mradi wa kuchora ramani za visima uliofunga ofisi yake, na wenyewe walipoondoka wakaniachia skrini moja ya kompyuta, inchi ishirini na moja, nzito kiasi kwamba ililetwa nyumbani kwa mkokoteni wa punda. Skrini ile ilikuwa na uwezo wa kuonyesha nukta elfu moja mia sita kwa elfu moja mia mbili, jambo ambalo siku zile ungemwambia mtu angekuuliza kama una homa. Nikawaza, dawa yangu ndiyo hii: nitatafuta mchezo wa mpira wa kompyuta, nialike majirani, wacheze, wapige kelele, wazoee kuingia kwangu. Nikajiapia kabisa kwamba hili likishindikana, mwisho wa mwezi nafunga virago narudi kwa mama.

Kilichokosekana ni kadi ya picha, maana ile iliyokuwa ndani ya kompyuta yangu ilikuwa ya kuandikia barua tu. Nikampigia simu fundi mmoja wa Nairobi niliyesoma naye.

"Ziko mbili," akaniambia. "Ya kwanza inajaza skrini yako yote, picha kali, unahesabu majani ya uwanja. Lakini wachezaji watajivuta. Ya pili ni ya michezo hasa, watu wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki, ila picha yake ni ndogo, ukiitandaza kwenye skrini kubwa kama hiyo kila kichwa kinakuwa na pembe. Sasa sema, unataka kucheza au unataka kuangalia?"

Mtu mwenye akili angesema kucheza. Mimi nikawaona wageni wangu wanaingia na kukuta wachezaji wenye vichwa kama matofali kwenye skrini ya fahari namna ile, nikaona haya kabla ya siku yenyewe, nikasema, "Nitumie ile kali." Ikaja na basi, imefungwa kwa gazeti ndani ya sufuria mpya ya mtu, na siku hiyo hiyo umeme ukakatika, kwa hiyo sikuijaribu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mzee Hirsi, mfanyabiashara wa mbuzi, ndevu zimepakwa hina. Nikamwambia karibu kesho mchana, kuna mpira, waambie na wengine. (Kumwambia Mzee Hirsi awaambie wengine ni sawa na kupanda mnara wa msikiti ukatangaza mwenyewe.) Nilitarajia watu wanne. Wakaja mpaka wengine wakakaa dirishani, viatu vimejaa mlangoni, nami kwa furaha nikavua kandambili zangu nikaziweka nje pamoja na vyao, nijione mwenyeji.

Umeme ukarudi wageni wamekwisha kaa, nami nikapandisha picha mpaka nukta ya mwisho. Uwanja ulipotokea, chumba kizima kilisema "Mashallah," na mimi nikavimba kichwa. Kipenga kikalia. Mchezaji akainua mguu. Tukangoja. Akaushusha. Mpira ukapaa, ukakaa hewani kama umesahau ulikokuwa unakwenda, na spika, ambazo hazikuwa na shida na nukta zozote, zikashangilia goli ambalo skrini ilikuwa bado haijalifikia.

"Mwalimu," Mzee Hirsi akasema kwa upole, "bicha ni safi, wallahi. Lakini Ramadhani bado. Mbona hawa fijana wamefunga?"

Walicheka mpaka kuta zikatetemeka. Mimi nikaongeza sauti ya spika nisiwasikie, nikaingiza kichwa nyuma ya skrini nikijifanya naangalia nyaya, jasho linanitiririka, na nilipokitoa hapakuwa na mtu. Hata mmoja! Hakuna kwaheri, hakuna asante, dirisha tupu.

Nikafunga mlango kwa komeo. Nikavuta pazia, nikazima kila kitu, nikalia, ndiyo, mtu mzima na cheti changu. Kisha nikapiga magoti, nikavuta begi uvunguni, nikatupia shati la kwanza, na hapo ndipo mlango ukagongwa.

"Mwalimu! Fungua!"

Nikajua wamerudi kunimalizia. Nikaingia uvunguni nilivyo, nikatulia.

"Mwalimu! Tumetoka kuswali! Chai iko hapa, na sambusa!"

Alasiri. Ilikuwa alasiri, jamani. Adhana imelia, nami kwa spika zangu sikuisikia, wao wakainuka kama wanavyoinuka kila siku, wakaenda msikitini, wakarudi. Sasa niwaambie nini? Kwamba nimejifungia kulia? Nikaona heri ninyamaze, watadhani nimetoka, wataondoka.

"Hajatoka," kijana mmoja akasema. "Kiatu yake hii hapa."

Kandambili zangu! Mtu akapaza sauti: "Umeme imembiga!" Mke wa Mzee Hirsi akaanza kulia huko nje, watu wakaja mbio kutoka barabarani, na kila dakika niliyonyamaza ikafanya kujibu kuwa kugumu zaidi. Chuma kikaletwa. Mlango ukaanguka na vumbi lote la Garissa. Nikasikia "Inna lillahi," maana miguu yangu ilikuwa imejitokeza, na hapo hapo vumbi likaniingia puani nikapiga chafya.

"Mwalimu," Mzee Hirsi akainama na birika lake mkononi, "unafanya nini huko?"

"Natafuta waya," nikasema.

Alilitazama begi lililo wazi na shati moja ndani, akayatazama macho yangu mekundu, na hakucheka. Wengine walicheka, mtaa mzima ulicheka, na hadi naondoka Garissa miaka mingi baadaye vijana walikuwa wakiniuliza kama nimeuona ule waya. Yeye alisukuma begi uvunguni kwa mguu.

"Sisi tukienda kuswali tunarudi, walaal, ndugu yangu," akasema. "Usifunge mlango. Sasa hiyo bicha, haiwezi bunguza kidogo?"

Nikapunguza nukta. Vichwa vikaota pembe, mistari ya uwanja ikawa ngazi, na wachezaji wakakimbia! Hakuna aliyelalamika. Tulicheza mpaka magharibi, mlango umelala chini, na kesho yake Mzee Hirsi akaja kuurudisha mwenyewe kwa misumari.

Siku hizi niko Nairobi, ghorofa ya tano. Nina skrini inayoifanya ile ionekane kioo cha mkobani, na kadi inayochora kila jani la uwanja huku watu wanakimbia, kwa hiyo lile swali la fundi halina tena haja ya jibu. Kidude cha pili cha kuchezea, cha kushika mgeni, bado kiko kwenye karatasi yake. Nimeapa sitamfungia tena mlango mtu aliyeondoka bila kuaga, na nacheka mwenyewe, maana hapa hakuna anayeondoka kwangu, kwa kuwa hakuna anayeingia. Lakini alasiri ikiadhiniwa kule mtaa wa pili naenda kutoa komeo, nahakikisha kandambili zangu ziko nje.