Nililiponya Gari la Baba

Kitu kilichokuwa kinachemsha injini ya gari la baba yangu kilikuwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Ndiyo. Kitambaa cha jikoni, ndani ya injini.

Ningejua kinazuia nini, ningekirudisha pale pale kwa mikono yangu. Lakini ngoja, nisikimbilie mwisho.

Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo. Nafanya kazi mbali, na kwa wazazi huwa nafika mara moja kwa mwaka, nikijikakamua sana mara mbili. Mimi ni binti, mtoto wa pekee, na baba alinilea kama amezaa fundi. Nilijua kushika spana kabla sijajua kusuka nywele.

Gari lenyewe ni la zamani, la kabla sijazaliwa. Saluni nyeupe kama maziwa, bampa za chuma zinazong'aa mpaka unaweza kujitazama ukinyoa ndevu. Baba alilinunua akiwa kijana, wakazeeka pamoja.

Sijakaa hata siku mbili, mchana simu ya mama ikalia. Akasikiliza, akasema, "Nakuja," akachukua mwamvuli.

"Kuna nini, mama?"

"Gari la baba yako limechemsha. Yuko kituo cha mafuta."

Tukamkuta baba amekaa juu ya kreti, boneti wazi, mvuke unafuka kama sufuria iliyosahaulika motoni. Dada anayeuza mafuta alikuwa ameshampa maji ya kunywa.

Mama hakushtuka hata kidogo. Alikaa karibu yake, wakapiga soga, gari likapoa, wakajaza maji, tukarudi mdogo mdogo.

"Huwa linafanya hivi?" nikauliza.

"Kila akitoka. Limezeeka hilo. Liache."

Jamani! Mimi niambiwe niliache gari la baba?

Kesho yake nikaliwasha, nikalipeleka gereji. Mama alinifuata mpaka getini. "Mwanangu, vitu vingine viache vilivyo." Nikaona anabania pesa tu, nikampungia mkono.

Fundi wa pale tunamwita Kipara. Mtu wa maneno mengi, lakini mikono yake haina utani.

Tukaanza na vya juu juu. Kifuniko cha rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, kizima. Mkanda wa feni umekaza vizuri. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama kwenye mwanga.

"Oili safi, haina maji. Gasketi haijaungua. Shukuru Mungu, hapo ungelia."

Tukatoa themostati, ule mlango mdogo unaofunguka injini ikipata joto ili maji yaende kupozwa. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Ikafunguka yenyewe, polepole, kama jicho la mtu anayeamka. Nzima. Tukairudisha.

Kipara akakuna upara wake. "Huyu mgonjwa anatudanganya."

Tukawasha tena. Sindano ya joto ikapanda, ikapanda. Nikaweka kiganja juu ya rejeta kama baba alivyonifundisha.

Baridi.

Injini inatokota, rejeta baridi! Maana yake maji ya moto hayafiki huko. Yamekwama njiani.

Tulisubiri ipoe, tukafungua mpira wa juu pale unapoingia kwenye rejeta. Kipara akaingiza kidole, akakunja uso. Akavuta kwa koleo. Kikatoka kitambaa cheusi, kimeviringishwa vizuri na kufungwa kwa waya mwembamba ili kisisogee. Pembeni kilikuwa kimeachiwa upenyo kidogo, maji yapite kwa shida.

Nikacheka. "Panya wa siku hizi!"

Kipara hakucheka. "Panya hafungi waya, dada. Huyu ni mtu. Na anajua alichokuwa anafanya."

Damu ikanichemka kuliko ile injini.

Nilirudi nyumbani gari linanguruma kama jipya, mimi nafoka. "Kuna mtu anamhujumu baba! Kikulacho ki nguoni mwako! Bila shaka ni yule fundi wenu wa zamani, alitaka mumrudie kila wiki!"

Mama alikuwa anakata vitunguu. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo limepona?"

"Kabisa! Sasa hivi akitaka anafika hata mwisho wa dunia."

"Funguo ziko wapi?"

"Nimeshampa mwenyewe."

Mama akaweka kisu chini. Akafungua mdomo, akatazama barazani alikokaa baba, akaufunga.

Nilipotoka barazani, baba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana, fundi. Nyumbani kwenu hawajambo?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Baba na utani wake, nikajisemea.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mama. Haikuwa ya kuita mtu. Ilikuwa ya kulia.

Alikuwa amekwenda dukani mara moja. Kurudi, geti wazi, gari halipo.

"Mama, si ameenda tu kutembea? Atarudi."

"Hatarudi. Hajui kurudi." Akaketi sakafuni. "Mimi ndiye niliyeweka kile kitambaa."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba yako anasahau, mwanangu. Si kusahau miwani. Anasahau yeye ni nani. Mwaka jana aliondoka, akaokotwa mji mwingine, ameshindwa kutaja hata jina lake. Nikaficha funguo. Akaacha kula. Akawa analia kama mtoto, anasema nimemfunga jela. Nikaona nikiliua gari, nitamuua na yeye. Ndiyo nikalipunguzia pumzi. Likifika kituo cha mafuta linachemsha. Yule dada wa mafuta ananipigia, namfuata, tunarudi. Yeye anajiona amesafiri."

"Wewe umejuaje mambo ya injini?"

"Miaka yote hiyo anatengeneza, aliyekuwa anamshikia taa ni nani?"

"Kwa nini hukuniambia, mama? Jana hapa nilipokuwa napiga kelele?"

"Aliniapisha. Alipoanza kujisahau, alijua. Akanishika mkono akaniambia, binti yangu asijue, aendelee kuniona baba. Nilipanga leo nikirejeshe kimya kimya. Amenitangulia."

Nikakimbilia kituo cha mafuta. Yule dada akaniambia baba alipita kitambo, akapunga mkono. "Leo hakusimama. Nikajua amepona."

Tukatoa taarifa polisi. Kipara akafunga gereji, akatuchukua kwenye pikapu yake. Kituo kilichofuata, kule nje ya mji, ndiko tulikopata habari. Muuzaji alimkumbuka vizuri kwa sababu ya gari lile.

"Alijaza tangi. Mzee mchangamfu sana! Alisema anamfuata binti yake shuleni, wamefunga leo, na hataki mtoto akae getini peke yake."

Mama akaniangalia. Mimi sikuweza kumwangalia.

Mimi ndiye niliyesoma bweni. Kila shule ikifungwa, baba alinifuata na gari lile lile, na sikuwahi kumsubiri hata mara moja. Nilikuwa nakuta ameshafika. Siku hiyo alinifuata tena, na mimi nilikuwa nimelala nyumbani kwake, chumba cha pili.

Shule ile ilishahama. Barabara ya zamani ya kwenda kule haipitiwi na magari siku hizi, ni mchanga na miiba. Tulihangaika mpaka giza, tukaendelea siku iliyofuata. Wakata kuni ndio waliotuonyesha.

Gari lilikuwa limezama mchangani mpaka nusu ya tairi. Injini haikuwa na kosa lolote.

Baba alikuwa amelala kando yake, mkono umeshika kitasa cha mlango. Daktari alisema jua na kiu.

Ndani ya gari, kiti cha abiria, kulikuwa na mkate na chupa ya soda. Havijaguswa. Alikufa kwa kiu, ndugu zangu, soda iko umbali wa mkono. Ilikuwa ya mtoto wake.

Msibani watu walinong'ona, kama kawaida ya watu. Wengine wakasema mama alikuwa anamtesa mume. Wengine wakasema binti ndiye aliyempa funguo. Ukweli walikuwa nao nusu nusu.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Na kweli nawaambia, hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nimeacha kazi kule, nakaa naye sasa.

Wewe unayerudi nyumbani mara moja kwa mwaka ukiwa na haraka ya kutenda wema, nisikilize. Kabla hujashika spana, kaa jikoni na anayeishi na ule ubovu. Muulize. Asipojibu, muulize tena. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Na wewe unayetunza siri ya mgonjwa kwa sababu alikuapisha, mwambie angalau mtu mmoja. Afadhali kiapo kivunjike.