Daftari la Mlo wa Thuranira

Kila nchi niliyopita nikionja vyakula vyake ina kitu ambacho wenyeji hukitia mdomoni na kukataa kukiita chakula. Cha hapa Laare, mji wa miraa, nilikijua kwa sababu ya mguu wa Thuranira.

Ana miaka hamsini na minne. Kazi yake ni kufunga miraa: anachambua vijiti, anavipanga kwa urefu, anavizungushia jani la mgomba visinyauke njiani. Ameishi na kisukari miaka tisa. Mwaka jana kiatu kilimchubua kidole cha mguu wa kushoto na kidonda kikakataa kupona. Kwenye zahanati moja ya mji wa Maua walikuta sukari imefika kumi na tisa, ya mtu mzima isiyopaswa kupita saba au nane, ingawa vidonge alikuwa akimeza. Wakamwambia waziwazi: isiposhuka, mguu utakatwa.

Wakampeleka kwa Idil, mtaalamu wa lishe, binti wa wafanyabiashara Wasomali wa mjini humo.

"Mzee, sukari yako ina mzizi," alimwambia. "Endelea na vidonge, lakini andika kila unachokula, tangu uamke mpaka ulale. Tutaupata."

Aliyeandika ni mkewe, Regina. Alizaliwa Mbeere, nyanda kame za Embu, na hakuogopa kula kunde mwezi mzima. Aliondoa sukari nyumbani, akapunguza ugali, akaacha kukaanga chochote. Watoto walinung'unika, wakala. Kwa wiki sita daftari likajaa: uji wa wimbi mtupu, kunde, nduma kipande kimoja, githeri ya mahindi na maharagwe. Sukari ikabaki kumi na nane.

"Mama, kuna kitu unanificha," Idil akasema.

"Nikufiche nini? Hata chumvi nampimia!"

Dada yake Thuranira naye akaja na maneno yake. "Huyu wa Mbeere anamlisha ndugu yangu majani kama mbuzi, na bado anamuua."

Regina akazidisha ukali. Ugali ukatoka kabisa. Mume akakonda, kidole kikawa cheusi.

Idil alikuwa amemuuliza Thuranira mara moja tu kama anatafuna miraa. "Kidogo, kazini," alijibu, na binti hakuuliza zaidi. Amekulia Maua, kwao pia miraa na vinavyoandamana nayo havikuhesabiwa pamoja na mlo. Wiki ya saba ndipo alipopanda hadi Laare kujionea mwenyewe.

Nilikuwepo. Wafungaji kama kumi walikuwa wameketi kwenye magunia chini ya mabati.

"Thuranira, daktari amekuja kukushika!" mmoja akapaza sauti. "Ficha mguu!"

Wakaangua kicheko. Thuranira naye akacheka, shavu limevimba kwa miraa, na kando ya goti lake chupa ya soda iliyofika nusu.

"Hiyo ni ya nani?" Idil akauliza.

"Yangu."

"Ya ngapi leo?"

"Ya tatu. Bado ni mapema."

"Mbona haimo kwenye daftari?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Msichana wangu, uliniambia niandike chakula. Hii ni ya kuondoa uchungu wa miraa tu. Hapa nani anatafuna bila soda?"

Kicheko kilikatika. Idil akajikalisha kwenye gunia na kufunika uso kwa viganja.

Thuranira aliacha soda siku hiyo hiyo, bila ubishi. Kwa wiki tatu sukari ikashuka hadi tisa. Kidole hakikungoja. Weusi ulikuwa umepanda hadi kifundoni, na daktari wa upasuaji akaukata mguu chini ya goti.

Mchana wa siku ya upasuaji Idil alimkuta Regina uani mwa hospitali.

"Mama, nilikushuku. Nisamehe."

"Wewe ulinishuku, wifi akanishuku, mpaka mimi nikajishuku," Regina akasema. "Na chupa ilikuwa mbele ya watu kumi kila siku. Hakuna hata mmoja aliyeiona."

Hakulia. Alipanda boda boda, akarudi nyumbani, akakanda unga, akakaanga chapati nne kwa mafuta mengi, za kwanza tangu daftari lianze. Watoto walisimama mlangoni wakinusa. Alizila zote nne peke yake, zikimuunguza vidole, kisha akaosha kikaango na kupiga simu hospitali kuulizia saa za kuwaona wagonjwa.