Matundu ya Boneti ya Baba

Sijui nani alianza kukata matawi. Ninachojua ni kwamba tulipotoka mochari Homa Bay asubuhi ile, pikapu ya baba ilikuwa imefunikwa hadi ikakosa uso. Ni desturi yetu: gari linalobeba marehemu hufungwa majani mbele, barabara nzima ijue. Sawa. Lakini matawi mawili yangetosha. Shangazi zangu walifunga kichaka kizima kwenye grili, wakatandika shuka jeupe juu ya boneti, wakaweka picha ya baba, wakaizungushia shada la maua. Nikawaambia, jamani, hapo kuna matundu. Wakaniambia nipanguse machozi, mambo ya gari niwaachie wanaume.

Matundu hayo baba aliyakata mwenyewe kwa patasi na nyundo, nyuma ya boneti, karibu na kioo. Gari lilikuwa kuukuu hata siku analinunua, na kila akipakia omena, dagaa wetu wa ziwani, Muhuru Bay kuzipeleka Migori, lilichemsha kabla ya nusu ya njia. Hewa iliingia mbele, lakini joto halikuwa na pa kutokea. Alipolitoboa, watu wa soko walimcheka, wakasema gari limeota mashavu kama samaki ngege. Wacha wacheke. Halikuchemsha tena, miaka yote waliyosafiri nalo, yeye na mama kando yake.

Katika msiba ule mama aliomba kitu kimoja tu: mumewe arudi Muhuru ndani ya gari lake mwenyewe. Baba mdogo, mdogo wake baba anayependa kusimamia kila kitu, alitaka gari la kukodi lenye vioo vyeusi. Mama akakataa. Ilibidi tufike kabla ya jua kutua, maana marehemu alikuwa alale bomani kwake usiku wa mwisho, na watu walikuwa wanangoja. Kaka yangu mkubwa akashika usukani. Mimi na mama tukabanana kando yake, jeneza likawa nyuma, na baba mdogo na waombolezaji wengine wakatufuata kwa matatu.

Rodi Kopany tulipita vizuri. Kwenye mlima wa kuelekea Rongo nikasikia harufu ya mboga iliyosahauliwa jikoni, kumbe ni yale majani yanaiva. Mshale wa joto ulikuwa umefika mwisho. Kaka aliposimama, mvuke ukatoka chini ya shuka, ukapanda juu ya picha mpaka uso wa baba ukapotea. Haki ya Mungu, shangazi mmoja aliruka kutoka kwenye matatu akakimbilia shambani kwa mtu, akisema marehemu amekataa kwenda.

Kaka naye, kichwa maji, akafungua kifuniko cha rejeta hivyohivyo. Maji yalimrukia mikononi. Alilia sauti ambayo sikujua mwanamume mzima anayo, na ngozi ya viganja ikavimba sisi tukitazama.

Sasa nani aendeshe? Mimi sijui, baba mdogo hajui. Dereva wa matatu hangeweza kuwaacha abiria wake barabarani. Nikigeuka, namkuta baba mdogo ameshasimamisha lori tupu la miwa, anaelewana na dereva jeneza lihamishiwe huko, juu ya matope na makapi. Nilikasirika. Nikamwambia baba yangu si mzigo wa kiwandani. Akaniuliza kama nina gari lingine.

Mama alikuwa bado amekaa garini. Akashuka. Akanipa picha niishike, kisha akang'oa matawi yote akayatupa mtaroni, na shada, na shuka. Watu walibaki midomo wazi. Mjane kuvua mapambo ya mumewe barabarani, yawa, nani ameona? Baba mdogo alipoleta ndoo amwagie injini maji baridi, mama akamzuia, akasema itapasuka. Tukangoja mpaka chuma kikashikika kwa mkono. Hapo akawasha injini, akaongeza maji kwenye rejeta kidogo kidogo huku inanguruma, akafunga boneti.

Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva. Nilidhani amechoka. Akasogeza kiti mbele, akafungua hita mpaka mwisho ili joto la injini litujie sisi ndani, akatia gia. Baba mdogo akasimama mbele ya gari, akasema mjane haendeshi maiti ya mumewe.

“Shemeji, toka kwa njia,” mama akamwambia.

Akatoka. Kaka tukamwachia matatu impeleke zahanati ya Rongo, sisi tukatangulia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni! Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akiendesha hata baiskeli alipita Rongo, akapita Awendo, akakata katikati ya Migori, anashusha gia kabla ya mlima, jicho moja kwenye mshale. Ndani tulikuwa tunaiva kwa hiyo hita. Mshale ulikaa katikati. Niliogopa kumsemesha, mwishowe nikamuuliza nani alimfundisha.

“Huyo aliye nyuma,” akasema.

Nilikasirika tena, sijui kwa nini. Nilihisi kama wazazi wangu walikuwa na nyumba nyingine nisiyoijua.

Jua lilikuwa bado juu ya ziwa tulipofika kona ya mwisho kabla ya soko letu. Mama akasimamisha gari. Halikuwa limechemsha. Akafungua mlango, akaweka mguu mmoja chini, halafu akaganda hapo. Nikamuuliza kuna nini.

“Hapa ndipo tulikuwa tunabadilishana viti,” akasema. “Watu wasijue macho ya baba yako yalikuwa yameisha.”

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu nikiwa shule ya msingi. Kutoka hapo hadi nyumbani, baba aliijua njia kwa mikono, na mama akimwelekeza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa namngoja baba getini kila jioni, nampungia mkono, naye anapiga honi. Nilidhani ananiona.

“Nilikuwa namwambia,” mama akasema, “piga honi, mtoto yuko hapo.”

Akarudisha mguu ndani, akafunga mlango, akapita sokoni mchana kweupe, mikono yote miwili kwenye usukani.