Kamera Iliyozaliwa Gizani

Oiva Pokka aliishi kwa kupima kamera. Si za picha za harusi. Ni vile vikamera vidogo vinavyokadiria umbali wa kila kitu kilicho mbele yao. Pale Ivalo, kaskazini kabisa mwa Ufini, katika chumba kilichowahi kuwa duka la maziwa, alikuwa na ubao mweupe juu ya reli ya mita nne, na rula ya chuma aliyoiamini kuliko binadamu wengi. Mkewe alishafariki, wanawe wako kusini. Mgeni wake alikuwa mmoja, Marketta, wa kampuni pekee iliyompa kazi. Alikuja kila Alhamisi.

Alhamisi hiyo ya Februari Marketta alifuata sahihi ya Oiva, ya kuthibitisha kamera mpya. Kamera zilikuwa ziwekwe kwa wazee wanaoishi peke yao, ziite msaada mtu akianguka.

"Miezi mitatu unautazama ubao huo, Oiva. Si uuoe tu?"

"Angalau hauna mdomo. Kunywa kahawa."

Kwenye mita tatu kamera ilikosea milimita nane. Walikuwa wamekubaliana kosa lisizidi ishirini. Oiva akashika kalamu. Hapo mawingu yakaachana. Kamera ile ilitengenezwa na kupimwa katika majira ambayo huko jua halichomozi, kisha katika wiki za mawingu. Hakuna aliyelikumbuka jua. Sasa mwanga ukagonga theluji, ukaingia dirishani, ukaipofusha kamera, na kwenye skrini umbali wa ubao ukaruka mpaka mita nne, kisha ubao wenyewe ukawa tundu jeusi.

"Vuta pazia," Marketta alisema upesi.

"Na bibi wa watu akiwa sakafuni, nani atamvutia?"

"Oiva, mzigo unaondoka kesho!"

"Natia sahihi kwa chumba kisicho na jua. Iandikwe hivyo."

"Bosi hataki karatasi yenye 'lakini'. Atampa kazi mtu wa Helsinki."

"Ampe. Huko nako kuna madirisha."

Marketta akavaa koti, akasita mlangoni. "Na wewe je, mzee wangu? Utabaki na nani humu?"

Swali lilimchoma Oiva. Akafunika kalamu. "Hilo halimo kwenye bei."

Alhamisi iliyofuata hakuna aliyegonga. Jua lilipoingia, Oiva alianza kupima upya, bila kuagizwa na mtu. Zamani yeye alisogeza ubao, Marketta akisoma skrini. Sasa alisogeza, akaenda kusoma, akaitamka namba kwa sauti, akaandika, akarudi kwenye ubao.